Kamari ya Simu: Zuio Lipi Hupunguza, Lipi Huhamisha

Serikali ya Kenya ilipoamua kuzibana kampuni za kubashiri Julai 2019, silaha yake kubwa ilikuwa barua. Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, maarufu kama BCLB, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin, kisha ikaiandikia kampuni ya simu ya Safaricom izime nambari za Paybill za kampuni hizo. Hapakuwa na haja ya polisi kuvunja mlango wala kubeba mashine. Pasipo nambari ya kulipia, mchezaji wa Kakamega au wa Mtwapa hana pa kuweka dau, hata kama tovuti inafunguka vizuri tu.

Kufikia mwisho wa Septemba SportPesa ilikuwa imesimamisha shughuli zake nchini, Betin nayo ikafunga, na wafanyakazi kwa mamia wakarudi nyumbani. Ungetarajia Wakenya wapunguze kubeti. Badala yake, wateja walihamia kwa kampuni zilizobaki na leseni, na majina kama Betika na Odibets, yaliyokuwa nyuma ya SportPesa, yakajikuta mbele. Aliyezoea kubashiri huwa na akaunti mbili tatu, kwa kuwa kila kampuni ina bonasi yake ya kumvuta mgeni na odi zake kwa mechi ileile. Ukimfungia moja, umempunguzia kazi ya kuchagua.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu serikali zetu zikikasirikia kamari, mkono wa kwanza huenda kwenye leseni. Mwezi Januari mwaka huohuo wa 2019, Rais Museveni wa Uganda aliagiza kampuni mpya zisipewe leseni tena. Agizo la namna hiyo husikika kali redioni, lakini kwa mtu anayefuatilia kodi na mifumo ya malipo, ukali ni swali la baadaye. La kwanza ni mahali zuio linapomgusa mchezaji: je, ni kwenye jina la kampuni, kwenye bei anayolipa, kwenye njia inayopita pesa yake, au kwenye kasi ya mchezo wenyewe? Jibu la hapo ndilo linaloonyesha kama kamari itapungua au itahama tu.

Bei ndiyo serikali huipenda zaidi, nayo mchezaji haioni popote kwenye skrini. Chukua mechi ambayo uwezekano wa kila upande ni nusu kwa nusu. Odi ya haki ingekuwa 2.00: unaweka shilingi 100, ukipatia unalipwa 200. Kampuni itakupa 1.85. Hicho kipande kilichomegwa ndicho bei yako, na kwa mechi moja hakitishi, maana kwa wastani shilingi 92 na senti 50 za kila 100 zinarudi kwa wachezaji. Sasa panga mkeka wa mechi kumi za namna hiyo, ambao vijana wengi huupenda kwa ukubwa wa ahadi yake. Mia yako inaahidiwa kuzaa kama shilingi 46,960. Lakini uwezekano wa kupatia zote kumi ni mmoja kati ya 1,024, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 102,400. Zaidi ya nusu imebaki kwa kampuni kabla mpira haujapigwa. Mkeka ukichanika kwa goli la dakika ya 90, mwenye mkeka huilaumu Arsenal.

Juu ya bei hiyo iliyojificha, Kenya imejaribu karibu kila namna ya kodi. Mwaka 2017 Hazina ya Taifa ilipendekeza kampuni zitozwe asilimia 50 ya mapato ghafi, yaani madau yote ukitoa walicholipwa washindi. Ikaishia asilimia 35 kuanzia Januari 2018, na mwaka huohuo ikashushwa hadi 15. Mwaka 2019 ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka uliofuata Bunge likaufuta. Hoja ilikuwa kwamba wachezaji wamekimbilia tovuti za nje ambazo hazilipi hata senti. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5, na Desemba 2024 ukafika 15. Kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikabadilisha msingi wenyewe. Tangu Julai 2025 ushuru ni asilimia 5 ya pesa inayoingizwa kwenye pochi ya kubashiri, na pesa ikitolewa pochini inakatwa asilimia 5 nyingine, badala ya kodi ya zuio ya asilimia 20 iliyokuwa ikikatwa kwenye ushindi.

Mtu akisoma namba hizo kwa haraka ataona 15 imekuwa 5 na kusema serikali imelegeza. Mwingine ataona kila anayeingiza na kila anayetoa anakatwa, aseme imekaza. Wote wawili wanaangalia kiwango. Mimi nilichokitazama ni kile kinachohesabiwa, na ili kieleweke lazima tuangalie mchezo ambao katika miaka hii umeuacha mkeka nyuma kwa kasi yake.

Unaitwa Aviator, mtaani wengi husema kindege. Kindege chekundu kinapaa kwenye skrini nyeusi, na namba inapanda nacho: 1.10, 1.46, 2.03. Kazi yako ni kubonyeza ulipwe kabla hakijatoweka. Mara nyingine kinatoweka kabla hujainua kidole. Raundi inaisha kwa sekunde chache, nyingine inaanza, na pembeni ya skrini yanapita majina ya watu usiowajua na kiasi walichovuna. Mtengenezaji wake, kampuni ya Spribe, anautangaza kuwa unawarudishia wachezaji asilimia 97 ya madau. Ukiulinganisha na mkeka wetu wa mechi kumi, huu ni ukarimu. Tofauti ni kwamba mkeka wa Jumamosi asubuhi unakuweka ukisubiri hadi Jumapili usiku. Kindege, dereva wa bodaboda anaweza kukirusha mara ishirini akiwa stejini, kabla abiria hajafika.

Twende kwenye hesabu. Mchezaji ana shilingi 100, anaziweka zote, kinachorudi anakiweka tena, hivyo hivyo mara kumi. Chini ya ushuru wa asilimia 15 kwa kila dau, kila raundi serikali inachukua 15 za kila 100 na mchezo unakula 3 za kila 100 zilizobaki. Baada ya mizunguko kumi, kwa wastani amebaki na kama shilingi 14 na nusu. Chini ya sheria ya 2025 anakatwa shilingi 5 mara moja tu pesa inapoingia, halafu mchezo pekee ndio unaokula. Baada ya mizunguko kumi kumebaki kama shilingi 70. Huo ni wastani. Mtu mmoja mmoja atafilisika mapema au ataondoka na maradufu. Lakini kodi hutungwa kwa wastani.

Hapo kuna mambo mawili yanayovutana. Kwanza, waliosema ushuru wa kila dau unawafukuza watu kwenda nje hawakukosea. Kodi inayokula mtaji kwa kasi ile humfanya mchezaji mzito atafute tovuti isiyokata, na ni mchezaji mzito ndiye mwenye pesa. Pili, kodi ya kiingilio haijali kinachoendelea ndani. Mzee anayeingiza mia moja kwa mkeka mmoja wa wikendi, na kijana anayeizungusha mia ileile mara thelathini usiku kucha, wote wamelipa shilingi 5. Kodi iliyokuwa ikiadhibu marudio imeondoka, na marudio ndiyo yanayomaliza mishahara.

Kukata pesa inapotolewa ndiko kunakonisumbua zaidi. Anayetaka kuchukua salio lake aende zake anakatwa. Anayeliacha pochini aendelee kucheza hakatwi. Hata aliyeingiza elfu moja, akabadili mawazo na kuzitoa bila kubashiri chochote, kwa maneno ya sheria ametoa pesa, na pesa iliyotolewa inatozwa. Ningeombwa nibuni kodi ya kumshawishi mtu asitoke, ningeanzia papo hapo. Kwa haki ya Hazina, kodi ya zamani ya ushindi ilikuwa na ugomvi wake: mwaka 2019 mamlaka ya mapato KRA na kampuni zilivutana juu ya kama dau lenyewe ni sehemu ya ushindi, na kesi zikajaa mahakamani. Kutoza kiasi kinachotoka kunafuta ubishi huo wote. Ni rahisi kukusanya, ndiyo. Basi tuseme wazi kwamba iliundwa kwa urahisi wa kukusanya.

Uingereza, ambako kamari ni biashara ya zamani na halali, wameanza kuugusa mchezo wenyewe. Tangu Oktoba 2021 mashine za sloti za mtandaoni haziruhusiwi kuzunguka kwa chini ya sekunde mbili na nusu kwa raundi, na kitufe cha kuchezesha zenyewe bila kubonyeza kimepigwa marufuku. Mwaka 2025 dau la juu kabisa kwenye sloti hizo likawekewa kikomo cha pauni 5 kwa mwenye miaka 25 na zaidi, na pauni 2 kwa mwenye miaka 18 hadi 24. Hakuna aliyefungiwa kampuni. Kilichobanwa ni kiasi ambacho mtu anaweza kupoteza kwa dakika moja.

Ushahidi ninaouamini zaidi, hata hivyo, ni wa Norwei, na si wa simu. Nchi hiyo ilikuwa na mashine za sloti madukani na kwenye vituo vya treni. Mwaka 2006 serikali iliziondolea sehemu ya kuingizia noti, ikabaki sarafu tu. Mashine zilikuwa zilezile, mahali palepale, mchezo uleule. Kilichoongezeka ni usumbufu wa kutafuta chenji. Watafiti waliofuatilia vijana waliona uchezaji unashuka. Julai 2007 mashine zote zikaondolewa, na zilipokuja nyingine miaka miwili baadaye zilikuwa za shirika la umma, Norsk Tipping, zikihitaji kadi ya mchezaji na zikiwa na kikomo cha hasara. Simu za kuomba msaada zilipungua, na sehemu kubwa ya wachezaji hawakuhamia kwingine. Walichezea mashine kwa sababu ilikuwa njiani mwao.

Somo hilo kwetu linaangukia kwenye M-Pesa. Tangu 2007 tumejenga njia ya pesa isiyo na kikwazo, inayofanya kazi saa nane za usiku, na kampuni za kubashiri zimeifaidi sana. Ndiyo maana Kenya, ikitaka, ina uwezo ambao nchi nyingi tajiri hazina: karibu kila dau halali linapita kwenye miamala ya kampuni chache za simu, laini imesajiliwa kwa kitambulisho, na tangu mwishoni mwa 2022 KRA imekuwa ikiunganisha mifumo yake na ya kampuni za kubashiri ili kodi ilipwe kila siku. Mfumo unaoweza kuhesabu kodi ya jana kabla ya saa sita mchana leo unaweza pia kujua kwamba laini fulani imeingiza pesa mara kumi na moja tangu usiku wa manane. Kiufundi, kikomo cha siku kwa kila kitambulisho, kinachovuka kampuni zote, si jambo gumu. Kinachokosekana ni mtu wa kuliamuru.

Jingine ni pesa ya mkopo. Uingereza ilipiga marufuku kubashiri kwa kadi za mikopo Aprili 2020. Kwetu mwenye kadi hiyo ni nadra; mkopo wetu uko kwenye simu ileile, kwenye programu za mikopo ya dakika tano. Mkopo ukiingia, dakika inayofuata unaweza kuwa umeshafika kwenye pochi ya kubashiri, na aliyekopesha hajui wala haulizi. Ufilipino walionyesha njia Agosti 2025, benki kuu yao ilipoziagiza pochi za simu ziondoe ndani ya saa 48 vitufe na viungo vya kumpeleka mteja kwenye kamari. Hawakuzima kamari. Walitenganisha mahali mtu anapolipia umeme na mahali anapobashiri, na sioni kwa nini Nairobi au Dar es Salaam ishindwe.

Suala la umri linaonyesha mipaka ya uwezo huo. Tanzania na Kenya zinaruhusu kubashiri kuanzia miaka 18; Uganda kwa sheria yake ya 2016 iliweka 25. Mfumo unaangalia mwenye laini. Haumuoni mtoto wa kidato cha pili aliyeshika simu ya mama yake. Hapo sheria inabidi iombe msaada nyumbani.

Na kukimbilia nje? Kampuni hukitumia kitisho hicho kila kodi inapotajwa, na watu wa afya ya jamii hukipuuza kila mara. Ukweli ni kwamba wanaokimbia si wengi, ila wana uzito. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mapato ya kamari hutoka kwa wachezaji wachache mno. Hao ndio watakaojifunza kutumia VPN, kununua sarafu ya kidijitali, au kumpa wakala pesa taslimu amuwekee. Huko hakuna kikomo wala wa kumlalamikia. Ukishinda ukakataliwa malipo, mdhibiti wa nyumbani hana la kukufanyia. Marekani ilipitisha mwaka 2006 sheria ya kuzuia benki kupeleka pesa kwenye kamari haramu za mtandaoni. Wachezaji wengi wa kawaida waliacha. Kampuni kubwa za poka zilizobaki zikatafuta njia za pembeni, na waendesha mashtaka walipozivamia Aprili 2011 walidai malipo yalikuwa yakipitishwa kwenye maduka bandia ya mtandaoni, kana kwamba wateja wananunua vito na mipira ya gofu.

India sasa inajaribu zuio kwa kiwango kikubwa. Sheria iliyopita Agosti 2025 inapiga marufuku michezo yote ya mtandaoni inayochezewa pesa, pamoja na matangazo yake na benki kuihudumia. Ndani ya siku chache kampuni ya Dream11 ilifunga mashindano yake ya kulipia na kujiondoa kuidhamini timu ya taifa ya kriketi. Jezi ilibaki bila mdhamini wakati Kombe la Asia linakaribia.

Hilo la jezi tunalijua vizuri. Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kwa hisani ya SportPesa, Wayne Rooney akawafunga Gor Mahia kwa shuti la mbali Uwanja wa Taifa, na jina la kampuni hiyo lilikuwa kifuani mwa timu zote mbili. Miezi sita baadaye, kodi ya asilimia 35 ilipoanza, SportPesa ilitangaza kuondoa udhamini wake kwenye michezo ya Kenya. Gor Mahia na AFC Leopards walipata tena udhamini, kisha 2019 wakaupoteza. Klabu haikuwa na kosa lolote na ndiyo iliyoumia haraka kuliko wote, kwa sababu udhamini ni matumizi ambayo kampuni hukata kwa barua ya ukurasa mmoja. Waziri anayebana matangazo au kupandisha kodi bila mpango wa nani atalipa basi la timu kwenda Kakamega atapigiwa kelele na mashabiki kabla hajasifiwa na wazazi. Redio nazo ziko kwenye foleni hiyo. Aprili 2025 BCLB iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, vituo vingi viliguswa mfukoni siku hiyohiyo. Binafsi naona kubana matangazo kuna faida kwa asiyeanza, hasa vijana. Kwa aliyekwisha kuzama, ujumbe wa bonasi unaomfikia usiku kwenye simu yake una nguvu kuliko bango la barabarani, na huo ndio ningeuzima kwanza.

Mengi yataamuliwa na hamu ya serikali yenyewe. Mwaka 2019 maofisa walizungumzia zaidi ya shilingi bilioni 200 zinazopita kwenye kamari kwa mwaka, na wengi tukasikia kama faida ya kampuni. Hayo yalikuwa madau yaliyojumlishwa, na mia moja iliyozungushwa mara kumi huhesabiwa karibu elfu moja. Hesabu ya namna hiyo humfanya mbunge aone kisima kisicho na mwisho. Tangu 2018 Kenya ina Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii unaolishwa na kodi hizo, kwa hiyo viwanja na safari za timu za taifa zinategemea watu waendelee kubashiri. Siku zuio litakapofanya kazi kweli, pengo litaonekana kwenye bajeti, na historia ya ushuru uliofutwa mwaka 2020 inaonyesha nani hurudi nyuma kwanza.

Sheria ya Udhibiti wa Kamari iliyosainiwa Agosti 2025 imeiondoa ile ya 1966, iliyotungwa enzi za kasino na tiketi za karatasi, na inaunda mamlaka mpya mahali pa BCLB. Mamlaka hiyo itapimwa kwa kanuni zake, na ninazozisubiri ni chache: raundi isipungue sekunde ngapi, kikomo cha siku kifuate kitambulisho au akaunti, mtu aliyejifungia mwenyewe kwenye kampuni moja afungiwe kwenye zote, na pesa ya mkopo ikae mbali na pochi kwa saa ngapi. Kwa upande wa Hazina, Mswada wa Fedha ujao ukitoka nitakwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha kutoa pesa pochini, nione kama ile asilimia 5 bado inamkata anayeondoka.